Samadi mbichi na jogoo wa Iddi: kisa cha bustani na kuku wa nyumbani, Tanga

Kwa nini kisa hiki

Familia ninayoieleza hapa inaishi Jiji la Tanga, nami niliifuatilia kwa mwaka mzima nikiwa mhudumu wa mifugo wa eneo lao. Mama mwenye nyumba ameniruhusu nikieleze ili wengine wafaidike. Jina lake, mtaa wake na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaondoa. Nitamwita Mama M. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu karibu kila hasara aliyoipata ilikuwa na mzizi mmoja: kulikuwa na siku zilizotakiwa kupita, na hazikuachwa zipite. Hasara ya kwanza nilichangia mimi mwenyewe.

Nyumba na uwanja

Mama M. ni mjane, umri wake umepita miaka 55. Anaishi na mwanawe anayefanya vibarua, mkwe wake, na wajukuu watatu. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa kama mita 10 kwa 14, wenye minazi miwili, mpapai, mlonge kando ya ua, na kisima kifupi ambacho maji yake yana chumvi kidogo, kama visima vingi vya mji huu vilivyo karibu na bahari. Udongo ni mchanga uliolalia mwamba wa matumbawe. Ukichimba kiasi cha mkono tu unagonga jiwe. Maji ya bomba yapo, lakini bili yake haivumilii kumwagilia bustani kila siku.

Kabla ya hapo alikuwa na kuku 9 wa kienyeji waliojitafutia wenyewe. Januari, zamu yake ya mchezo ilipofika, alipokea Sh 180,000. Akajenga banda la mabanzi na bati chakavu, akanunua chotara 15 wa umri wa mwezi mmoja, na akatengeneza matuta sita: mchicha matatu, figiri, bamia na ngogwe. Matembele akayapanda pembeni, pale maji ya kuogea yanapotokea. Ili kuku wasifike kwenye mboga alizungushia matuta nyavu kuukuu za uvuvi, alizopewa na jamaa yake wa Sahare. Uzio ule haukumgharimu chochote na ulidumu mwaka mzima, ingawa vifaranga wachanga waliwahi kunasa miguu humo na ikabidi sehemu ya chini ikunjwe na kuzikwa mchangani.

Nia yake ilikuwa ya maana kabisa. Alitaka kuku wale mabaki ya mboga na machicha ya nazi, kinyesi chao kirutubishe matuta, mboga na mayai vilishe watoto, na kitakachobaki kiuzwe.

Mchicha ulioungua

Mwezi huo huo wa Januari nilizungumza kwenye kikundi cha akina mama ambacho Mama M. ni mwanachama. Niliwaambia kwamba samadi ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe. Ni kweli. Lakini niliishia hapo, muda ukaisha, nikaondoka.

Kuanzia wiki ya kwanza ya Februari akawa anafagia banda kila asubuhi na kumwaga kinyesi moja kwa moja kati ya mistari ya mchicha, kisha anamwagilia kwa maji ya kisima. Kuku mkubwa mmoja hutoa kama gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku, wakati mwingine zaidi. Ukiwa na kuku zaidi ya 20, hata nusu yao wakiwa wadogo, ndoo ndogo hujaa upesi.

Nilipopita siku ya kumi, tuta la kwanza lilikuwa limelala. Nilichuchumaa nikashika mche mmoja. Kingo za majani zilikuwa za kahawia, zimekauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa, na katikati jani bado bichi. Mizizi ilikuwa na ncha nyeusi. Nilipofukua mchanga kwa kidole ikatoka harufu kali ya kuchoma pua, harufu ya mkojo uliolala. Ilikuwa amonia.

"Bwana mifugo, huu si ugonjwa?" aliniuliza. "Jirani kaniambia nikanunue dawa."

Haukuwa ugonjwa. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi, na kikiwa kibichi sehemu kubwa yake hugeuka haraka kuwa amonia, ambayo huunguza mizizi michanga. Tena kina chumvi zake. Juu ya chumvi hizo tulikuwa tunaongeza chumvi ya kisima, kwenye mchanga usio na cha kuzizuia wala kuzipunguza makali, katika mwezi usio na mvua. Matuta mawili ya mchicha na lile la figiri yalikufa yote. Bamia ilidumaa lakini ikapona.

Kuna jambo jingine ambalo halikuonekana kwa macho, nami naliona zito kuliko hata miche iliyokufa. Kinyesi kibichi hubeba vimelea vya kuhara, wakiwemo salmonela, na maji ya kumwagilia huvirusha hadi kwenye majani. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi iwekwe hadi kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilougusa. Mchicha wetu huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Maana yake ni kwamba hakuna hesabu yoyote inayoweza kuingiza samadi mbichi kwenye tuta la mchicha uliokwisha kupandwa. Ama iive kwanza, ama isiwekwe.

Masika

Mvua za mwisho wa Machi ziliosha chumvi, na matuta yakashika tena. Kipindi hicho kilikuwa chema, sina mengi ya kukieleza. Chotara wawili walikufa kwa kuhara damu Aprili, banda lilipolowa. Maranda yakabadilishwa, dawa ikatolewa mapema, wengine wakapona. Wakabaki kuku 22. Kufika Mei chotara walianza kutaga, na mkwe akawa anamuuzia mayai kijana wa chipsi wa barabarani. Maganda ya mayai yalikuwa laini mwanzoni. Walipoanza kuwapondea magamba ya chaza wa pwani, tatizo likaisha.

Jogoo wa Iddi

Mwishoni mwa Mei, siku chache kabla ya Iddi ya kuchinja, Mama M. alinunua jogoo mmoja mkubwa na matetea wawili kwa mchuuzi wa matenga. Jogoo alikuwa wa mbegu, siyo wa kitoweo. Msimu wa sikukuu kuku hukusanywa kutoka wilayani na vijijini, wanalundikwa kwenye tenga moja na kushinda juani pamoja. Hakuna mahali pazuri kuliko hapo kwa ugonjwa wa mmoja kuwa wa wote.

Jioni ile ile aliwaingiza watatu hao bandani na wenzao. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, jibu lake lilikuwa la mtu yeyote: hakuwa na mahali pengine pa kuwalaza, na walionekana wazima.

Kuhusu chanjo ya mdondo, ugonjwa wa virusi wa kuku ambao wengine huuita kideri, alikuwa na uhakika. Aliyemuuzia chotara alimwambia "wamechanjwa". Na kweli yawezekana walichanjwa wakiwa wadogo. Lakini kinga ya mdondo hupungua, na kwa kuku wa nyumbani tunarudia chanjo kila baada ya miezi mitatu. Tangu Januari hadi mwisho wa Mei hakuna aliyerudia. Wale 9 wa kienyeji hawakuwahi kuchanjwa kabisa. Mimi nilipita nyumba ile mara nne katika muda huo, na mara zote nne niliuliza habari za mchicha.

Siku tisa

Siku ya tano tetea mmoja mgeni alijikunyata, manyoya yamesimama. Mkwe alidhani ni baridi ya mvua. Siku ya saba alfajiri alinipigia simu. Nilikuta kuku sita chini. Mmoja wa kienyeji, koo aliyekuwa analalia mayai, alikuwa amepinda shingo hadi utosi ukagusa mgongo, anazunguka palepale akijaribu kusimama. Kinyesi kilikuwa cha kijani na majimaji. Wengine walihema kwa midomo wazi. Mkwe alikuwa amempakata koo yule kwenye kanga, anamfuta mdomo.

Kwa siku tisa walikufa 18. Walibaki saba: chotara sita, mmoja wao jogoo, na koo mmoja wa kienyeji ambaye hata leo sijui alinusurikaje. Kwamba chotara ndio walionusurika zaidi kunaniambia kuwa ile chanjo yao ya udogoni ilikuwa imebakiza kitu, ila haikutosha.

Maamuzi yaliyofanyika siku zile

Uamuzi mgumu ulikuja siku ya pili ya vifo. Mwanawe alisema kuku ambao bado wanasimama wachinjwe wapelekwe kwa mama lishe kabla hawajaanguka. Simlaumu. Mtaji wote ulikuwa unalala mbele yake, na mdondo hauna dawa. Mama M. alinyamaza, kisha akasema: "Nimuuzie mwenzangu msiba wangu, baba?" Hakuna kuku aliyetoka. Manyoya, matumbo na damu ya kuku mwenye mdondo vikitupwa jaani huambukiza kuku wote wa mtaa wanaopekua hapo, na hiyo ndiyo njia ugonjwa huu unayotembelea nyumba hadi nyumba.

Mizoga ilikuwa ifukiwe. Kijana alichimba, akagonga mwamba hajafika hata magotini, akajaribu pembe nyingine, akagonga tena. Shimo fupi lingefukuliwa na mbwa, na kisima kilikuwa karibu. Tukachoma kwa makumbi na makuti makavu hadi ikabaki jivu.

Duka la pembejeo lilishauri antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji. Nilikubali kwa kuku waliobaki, nikieleza kwamba haiui kirusi cha mdondo. Inasaidia tu kuzuia maambukizi mengine yanayomvamia kuku aliyedhoofika. Hapo likaja suala la mayai. Mkwe alikuwa na trei iliyojaa na ahadi kwa kijana wa chipsi. Mayai yaliyotagwa wakati wa dawa, na kwa siku zote zilizoandikwa kwenye pakiti baada ya dozi ya mwisho, hayauzwi wala hawapewi watoto, kwa sababu dawa inaingia kwenye yai na kukaanga hakuiondoi yote. Yale ya kabla ya dawa nayo tuliyazuia, maana trei za karatasi huzunguka nyumba hadi nyumba na kinyesi kimegandia. Mkwe alilia kidogo, kisha akayafukia mwenyewe.

Nilishauri pia kwamba kwa miezi miwili asiingie kuku mwingine yeyote, kwa kuwa kuku aliyepona anaweza kuendelea kutoa virusi kwa muda, na banda lenyewe lilihitaji kupumzika. Maranda yakachomwa, kuta zikapakwa chokaa, vyombo vya maji vikaanikwa juani.

Kuanza upya

*Samadi.* Chini ya mnazi mmoja tulianzisha malundo mawili. Moja linajazwa, jingine halitiwi kitu, linaiva tu. Hili la malundo mawili ndilo watu wengi hulikosea: wanalo moja, kila siku wanaongeza kibichi juu, na siku ya kutumia wanachota kibichi na kilichoiva pamoja. Kwa kila ndoo ya samadi tuliweka kama ndoo mbili za vitu vikavu, maranda na majani, tukanyunyiza maji ya bomba hadi ukikamua konzi moja yatoke matone machache. Lundo liligeuzwa kila wiki, upande wa nje ukiingia katikati, kwa kuwa joto la katikati ndilo linaloua vimelea.

Mkwe alikuwa na namna yake ya kupima. Alichomeka panga ndani ya lundo, akahesabu hadi mia, akalichomoa na kushika bapa lake. Wiki ya pili hakuweza kulishikilia. Wiki ya nane lilikuwa la uvuguvugu tu, na harufu ya kuchoma pua imekwisha. Hata hapo hatukuliamini. Alichukua makopo mawili ya maziwa, moja akalitia mchanga mtupu, jingine mchanga uliochanganywa na mboji ile, akasia mchicha yote mawili na kumwagilia sawa. Siku ya tano makopo yote yalikuwa yameota. Baada ya wiki moja zaidi lile la mboji lilikuwa na majani ya kijani iliyokolea, hakuna hata moja lenye ukingo wa kahawia. Ndipo tukapeleka mboji matutani, tukiichanganya na udongo siku chache kabla ya kusia.

*Chanjo.* Mwisho wa Julai tulichanja. Chanjo ya I-2, ambayo hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani za mdondo, lakini si ya kuachwa juani. Tuliichanganya kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu klorini ya maji ya bomba huiharibu. Dozi ni tone moja jichoni, na kuku haachiwi hadi tone lisambae na jicho lipepese. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ndiyo sababu kubwa inayowafanya watu wasinunue. Mama M. alikwenda mlango kwa mlango, na nyumba sita zikachangia. Tulianza saa kumi na moja alfajiri kabla banda hazijafunguliwa. Mkwe ndiye aliyedondosha matone. Mkono wake ni mtulivu kuliko wangu.

*Wageni.* Oktoba alinunua chotara kumi. Walikaa siku 14 kwenye kizimba cha nyavu upande wa pili wa nyumba, na chombo chao cha maji. Waliokuwa bandani walihudumiwa kwanza, wageni baadaye.

Hali ilivyokuwa Desemba

Kuku walikuwa 23: saba walionusurika, chotara kumi, na sita waliobaki kati ya vifaranga tisa wa yule koo wa kienyeji. Watatu walichukuliwa na nguchiro. Mchicha ulisiwa tuta moja kila baada ya siku kumi, kwa hiyo kila wiki palikuwa na cha kuchuma. Pesa ya mboga ilikuwa imeanza kulipia pumba na dagaa wa kuku. Mtaji wa Januari ulikuwa bado haujarudi wote, na sitaki mtu asome kisa hiki akidhani ulirudi.

Ngogwe na figiri hazikufanikiwa. Kisima ni cha chumvi na kitabaki hivyo. Mahali pake tulipanda spinachi, inayovumilia chumvi kuliko mboga nyingi za majani, na matandazo ya makuti yakapunguza haja ya kumwagilia.

Uchambuzi

Watu hupenda kusema kuku na bustani vinalishana, nami nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ninachokiona sasa ni kwamba vinalishana pale tu panapokuwa na kipindi katikati. Kati ya kinyesi na tuta pana wiki nane au zaidi. Kati ya kuku wa sokoni na banda pana siku 14. Kati ya dozi ya mwisho na yai la kuuza pana siku zilizoandikwa kwenye pakiti, na kati ya chanjo na chanjo miezi mitatu. Uwanja wa nyumbani ni mdogo, kila kitu kiko hatua tano kutoka kingine, na ule ukaribu wenyewe ndio unaomshawishi mtu kuruka siku hizo. Ndoo iko mkononi, tuta liko pale, utaisubirishaje?

Kilichosaidia kuliko ushauri wangu wowote ni daftari la mkwe. Baada ya Juni alianza kuandika tarehe: lundo lilifungwa lini, chanjo lini, kuku wageni waliingia lini. Neno "wamechanjwa" bila tarehe ndilo lililomgharimu mama mkwe wake kuku wengi, naye alilielewa hilo kabla yangu. Siku hizi nikiambiwa kuku wamechanjwa, nauliza mwezi gani.

Uamuzi wa kutouza wagonjwa nauweka juu ya yote. Katika nyumba tano zilizo karibu naye mdondo haukuingia Juni ile. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ni kwa sababu hiyo peke yake, lakini nimeona mitaa ambako kuku mmoja aliyechinjwa kwa haraka alimaliza mabanda yote ndani ya wiki mbili.

Makosa yangu yalikuwa mawili. Nilisema samadi ya kuku ina nguvu, nikanyamaza kuhusu kuiva kwake. Tena nilipita nyumba yenye kuku 22 mara nne bila kuuliza chanjo, kwa sababu mguu wangu ulikuwa umeelekea kwenye mchicha ulioungua. Nyumba yenye bustani na kuku inatakiwa kukaguliwa yote kila mara, hata kama umeitiwa kimoja.

Limebaki moja. Jirani wa upande wa kisima, mwenye kuku zaidi ya kumi, alikataa chanjo Julai na akakataa tena mwisho wa Oktoba. Anasema miaka ya nyuma alichanja na kuku wake wakafa wiki ile ile. Namwamini. Huenda walikuwa wameshaambukizwa kabla ya tone la kwanza, na chanjo haimponyi kuku ambaye ugonjwa umeshamwingia. Nilimweleza hivyo, akanisikiliza kwa adabu, asikubali. Mama M. ndiye aliyempata mwishowe, wakiwa wanachota maji: mwisho wa Januari, kabla joto la Februari halijakolea, atachanja watano, awaangalie wiki mbili, kisha aamue kuhusu waliobaki. Mkwe ameshaandika siku hiyo kwenye daftari.